Panga la Mama Kendi

Wacha niseme tu, maana Kanyakine nzima inajua: mimi, mwalimu wa kemia, niliaibishwa na kemia yenyewe, tena mbele ya wazee waliovaa makoti ya siku kubwa.

Nilihamishiwa huku kutoka kwetu Runyenjes na sikuwa na mtu. Jioni, nikishasahihisha madaftari, nasikia majirani wakicheka ng'ambo ya ua, nami niko na redio yangu. Basi nikajifunza kuazima. Leo ungo, kesho jembe (jembe la nini, na shamba sina?), kwa sababu ukirudisha kitu kwa Mama Kendi, jirani wa ng'ambo ya ua, unaambiwa, "Kaa kwanza, Mwalimu, chai iko."

Wiki hiyo nikaazima panga, limejaa kutu hadi kwenye mpini. Mwingine angelisugua kwa mchanga yaishe. Mimi nikataka kulirudisha liking'aa, labda safari hii ningeambiwa nibaki hadi chakula. Nikajaza ndoo maji ya chumvi pale kibarazani, nikatumbukiza panga upande mmoja na chuma kikuukuu upande wa pili, nikaunganisha chaja ya betri ya gari. Panga likiwa kwenye waya hasi, umeme unabandua kutu. Likiwa kwenye chanya, umeme unalila panga lenyewe. Hilo nalifundisha kila mwaka. Lakini nyaya za chaja yangu zote mbili nilikuwa nimezizungushia utepe mweusi, rangi hazionekani, na badala ya kupima nikajiambia, aah, nakumbuka ipi ni ipi. Nikaiacha siku mbili.

Jumamosi akaja Mama Kendi mwenyewe, na wazee wawili, na kina mama waliokuwa wakimenya ndizi. Ilikuwa siku ya mahari ya binti yake, Kendi (sikuwa nimealikwa, lakini niseme nini).

"Mwalimu, leta panga. Wageni wako Nkubu, karibu wafike, na kuni hazijapasuliwa."

"Ngojeni muone maajabu ya stima," nikasema, nikazima chaja, na badala ya kunyamaza nikawapa somo zima, ayoni hizi zinakwenda huku, zile kule, kisha nikazamisha mkono kwenye lile tope la kahawia nikainua.

Nilichoinua kilikuwa mpini na kitu chembamba chenye matundu, nacho kikakatika na kurudi ndooni.

"Sasa kutu imeisha?" mzee mmoja akauliza, na wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama Kendi hakucheka. "Lilikuwa la baba yake Kendi," akasema. "Marehemu."

Wakaenda. Siku nzima nyimbo na harufu ya mbuzi zikavuka ua, nami nikakaa nimevaa viatu, labda mtu ataniita. Hakuna aliyeita. Niliumia, sitaficha.

Jumatatu nikampelekea panga jipya. Akalipokea langoni, akasema asante Mwalimu, akafunga lango.

Nimeapa cha mtu nitakirudisha na kutu yake. Ila bado sijapata wa kuniazima.