Mikono Iliyo Kwenye Bango

Kila mwaka chama cha wakalimani wa lugha ya alama hutundika bango nyuma ya meza kuu, na katikati ya bango hilo kuna mikono miwili. Ni mikono ya mama yangu. Walimpiga picha siku moja akiwa kazini, wakakata kichwa, wakakata kiwiliwili, wakabaki na walichokitaka. Hakuna aliyemuuliza. Nikiliona bango lile damu inanichemka, na sitajifanya kuyasimulia haya kwa upole.

Mama hakuianza kazi hii darasani. Mdogo wake, yaani mjomba wangu, alizaliwa kiziwi, na nyumbani kwao watu wazima walimpigia kelele tu, kana kwamba ni mkaidi. Mama, naye bado mtoto, ndiye aliyekaa naye chini ya meza ya jikoni wakatunga ishara zao: maji, njaa, baba kakasirika. Yeye ndiye aliyempeleka dukani, kwa kinyozi, kwa daktari wa meno. Baadaye alisomea, akapata cheti, lakini mpaka leo Mjomba humwita kwa jina alilompa enzi zile: kidole kimoja shavuni, pale penye kishimo chake.

Kazi yenyewe ina sheria moja iliyo juu ya zote. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Kiziwi akisema "mimi", naye anasema "mimi". Mahakamani Mama amewahi kutamka kwa sauti yake, bila kupepesa macho, "Ni kweli, pikipiki niliiba mimi," mpaka askari mgeni akamsogelea. Hospitalini amewapa watu habari ambazo madaktari wenyewe walizisema wakitazama ukuta. Wakili mmoja alimtukana, naye akalitafsiri tusi alilotukanwa yeye mwenyewe neno kwa neno. Akirudi nyumbani ndipo anapofura.

Na kazi hii ni ya watu wawili. Kila anayeifanya anajua: mmoja anatafsiri, mwenzake anakaa kando, kisha wanapokezana. Lakini waajiri wakisikia wawili wanaona ni ufujaji, kwa hiyo Mama ameifanya peke yake miaka nenda rudi, kutwa nzima. Sasa mkono wa kulia umekwisha. Asubuhi vidole havikunjiki. Kikombe anakibeba kwa viganja viwili. Na wa kushoto umeshaanza kufuata. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivi, mikono hiyo haitamfaa tena. Watu wanasema basi aache, atafute kazi nyingine. Hawaelewi. Mjomba kusoma kunampa tabu, na midomo ya watu haimwambii kitu. Mikono ile ikifa, ndugu hawa wawili watabaki kutazamana. Mimi ishara zangu ni za kubabaisha. Mjomba husema naongea kama mtu aliyevaa glovu.

Ndiyo maana Mama alikiomba chama kitu kimoja tu. Kwenye mipango ya mwaka ujao iwekwe kwamba kila kazi ni wakalimani wawili, na anayetaka mmoja akataliwe. Alipigwa danadana. Mwenyekiti, ambaye sisi nyumbani tunamwita Maono kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, kila mwaka alimjibu, "Tumelipokea, dada," na kila mwaka wakapiga kalenda.

Mwaka huu Maono alimpigia simu mwenyewe. "Dada, viziwi watakuja kwenye mkutano mkuu. Utatutafsiria, eti? Wewe si wa nyumbani?"

"Na mwenzangu nani?" Mama akauliza.

"Aa, ni mkutano wetu wenyewe, dada. Tutasaidiana tu."

Nikaenda naye, kumbebea mkoba na kukasirika. Viziwi walikaa safu ya mbele, na Mjomba akiwa kando yangu na shati lake la bluu. Nyuma yetu ukumbi ulijaa wakalimani, wote wana mikono mizima. Mama alisimama peke yake tangu asubuhi, na wenzake wakawa wanakunywa soda na kumtazama.

Maono akasoma mafanikio. Tovuti mpya. Fulana. Semina hotelini. Wimbo wa chama. Nasema wimbo, tena wenye beti. Chama kinachokula kwa jasho la viziwi kimetunga wimbo, na mipango ya mwaka ujao ni kuurekodi. Kisha, ili picha zake zionekane vizuri ukutani, akaagiza taa zizimwe.

Zikazimwa. Ukumbi mzima wa watu wanaoishi kwa mikono kuonekana, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mama aliendelea kutafsiri gizani, maana hotuba ilikuwa inaendelea. Mjomba ndiye aliyeinuka, akapapasa ukuta, akawasha.

"Nani huyo jamani? Picha hazionekani," Maono akalalamika. Mama akalitafsiri hilo nalo, uso mkavu, na safu ya mbele ikaangua kicheko.

Maono akajikohoza. "Kuhusu ombi la wakalimani wawili wawili, nafurahi kuwaarifu kwamba limeshafanyiwa kazi. Wanachama wenyewe wameridhika kuendelea mmoja mmoja, kwa moyo wa kujitolea."

Mama akakitazama kidogo kiganja chake. Kisha akalitafsiri. Mimi nafurahi. Wanachama wameridhika. Vidole vilikataa kukunjika, ishara ya "ridhika" ikamponyoka, akairudia ili aitoe sawasawa. Nilitamani kumrukia yule mtu.

Mjomba akasimama. Mikono yake ilipoanza, Mama akaanza kusema, kwa sauti ile ile ya mahakamani.

"Mwenyekiti, mimi nasema wewe ni mwongo."

Soda zikawekwa chini.

"Dada yangu hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake. Anafungiwa na bintiye. Wiki hii nimemkuta analia kwa sababu ya kifuniko cha chupa. Mikono mliyoitundika hapo ndiyo hiyo hiyo mnayoiua."

"Dada, hebu kaa chini," Maono akasema. "Tusileteane mambo ya binafsi hapa."

Mama akayatafsiri kwa Mjomba. Mjomba akajibu, na Mama akasema, "Usimwambie yeye akae. Yeye ni mkalimani tu. Ninayesema ni mimi hapa, mwenye shati la bluu."

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Humu mmejaa wakalimani," Mama akaendelea, macho kwenye mikono ya mdogo wake. "Tangu asubuhi, nani ameinuka kumpokea?"

Hakuna aliyeinuka hata hapo. Mjomba akawatazama safu kwa safu, halafu akakaa, akaweka mikono magotini.

Mama bado alikuwa anasema.

"Leo nimeutafsiri uongo wenu kwa mkono huu, na sitautafsiri tena. Mkono huu sikupewa na chama. Niliupata chini ya meza ya jikoni, na uliobaki naupeleka huko huko. Lishusheni bango."

Sauti haikubadilika hata kidogo. Maono na ukumbi mzima walikuwa bado wamemkazia macho Mjomba, kama walivyofundishwa, wakimtazama anayesema na si mkalimani. Mjomba aliziona nyuso zote zimemgeukia, akauona mdomo wa dada yake unakwenda, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyotulia. Akanigusa goti.

"Bado nasema nini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa ishara zangu za glovu: si wewe. Kisha nikaweka kidole shavuni.