Karantini ya Mbwa wa Daktari

Isiolo ya utoto wangu haikuwa na mtu asiyejua karantini. Ng'ombe waliotoka kaskazini kwenda kuuzwa "Kenya", kama tulivyoita kila kilichokuwa kusini yetu, walifungiwa kwanza nje ya mji, wakapimwa damu, wakakaa, wakapimwa tena. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, kwa hiyo nusu ya maisha yake ilipita akingoja kando ya ua ule. Mwenye kufungua alikuwa daktari wa mifugo, Mzungu mrefu aliyekuwa na jibu moja kwa kila mtu: "Sheria ni sheria, mzee. Ngoja kidogo." Kidogo chake kilishinda kiangazi kwa urefu.

Daktari hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mbwa. Mbwa alikaa kiti cha mbele cha Land Rover, wafanyakazi wakakaa nyuma na vumbi. Mama akiliona gari, aliondoa vyombo barazani upesi, maana sufuria ikilambwa na mbwa ni kazi ya kuosha mara saba, na mojawapo kwa mchanga.

Mwishoni mwa miaka ya sabini habari zikaenea sokoni kwamba daktari anakwenda kwao likizo ya miezi mitatu, na mbwa anakwenda naye. Kwa ndege. Wengi wetu hata Nairobi tulikuwa hatujaiona. Baba aliuliza mbwa huyo amechoka na kazi gani. Mbwa wa wachungaji kule Ngaremara hukesha wakipambana na fisi, na hakuna aliyewahi kuwaambia wakapumzike.

Daktari mwenyewe alikuja kutueleza shida yake. Alikunywa chai barazani kwetu, akasema kwao mbwa anayetoka nchi kama yetu hufungiwa miezi sita, asije akapeleka kichaa cha mbwa.

"Yaani karantini?" Baba akauliza.

Daktari akakubali kwamba ni karantini.

Baba alijikaza. Nilimwona akijikaza. Kisha akasema kwa upole mwingi, "Likizo yako miezi tatu, karantini yake miezi sita. Sasa yeye atapumzika lini?"

Daktari hakucheka. Alisema mkataba wake unakwisha mwaka unaofuata, naye alitaka mbwa atangulie, amalize kufungiwa, kisha amngoje kwa dada yake. Hakuwa na mwingine wa kumngoja.

Akaenda, akarudi peke yake. Sokoni hakuna aliyemcheka, watu wetu wana adabu. Ila kila mwenye ng'ombe ndani, baada ya salamu, alimuuliza habari za mbwa: wamempima? Majibu bado? Anakula vizuri? Mmoja akamshauri, kwa uso mkavu kabisa, angoje kidogo. Nilifurahi sana siku hiyo. Mpaka leo nikikumbuka ule uso nafurahi.

Ilipobaki kidogo tu afunguliwe, mbwa akafa kule ndani. Uzee, walisema. Daktari akaacha kuja sokoni.

Ijumaa baada ya swala Baba alinibebesha chupa ya chai, tukaenda kwake. Mama alinung'unika kwamba hajawahi kusikia matanga ya mbwa. Baba akamjibu kwamba haendi kwa mbwa.

Tulimkuta daktari ameketi nje, hajanyoa ndevu. Baba alimpa mkono, akakaa, akammiminia chai, nami nikaanza kuogopa kwamba atasema lile neno ambalo mji mzima ulikuwa ukilingoja, kwamba sheria ni sheria.

"Pole, daktari," akasema. "Hata mimi ng'ombe yangu mbili ilikufa hapo kwako ndani, kiangazi ile ya juzi."

Daktari akamtazama. Ng'ombe wetu aliwajua miaka yote kwa namba za masikioni, na sikuwahi kumsikia akiwaita kwa kitu kingine.

"Ilikuwa rangi gani?" akauliza.

Baba akasogeza kiti chake karibu, akaanza na yule mweusi.