Maua Yaliyokunywa Maji ya Mama

Likizo ile nilirudi Goma kutoka universite, nikakuta maua ya maboga ya mama yanaanguka bila kuzaa. Mapadri walitufundisha kwamba nyuki ndio wanaozalisha boga. Sikuwaamini, nilitaka kuona kwa macho. Nikapanda kamio ya mizigo mpaka Rutshuru, nikachimbua kwenye majimaji maua ya porini ya zambarau ambayo nyuki hawayaachi, nikayapanda kando ya maboga, nyuma ya jiko.

Kule yalijinywea yenyewe. Kwetu mvua ikinyesha, mawe ya volkano yanaimeza yote, na maji ya nyumbani yanapanda kutoka ziwani juu ya kichwa cha mwanamke. Nikakataza maji ya kufulia yasimwagwe pale, eti sabuni itayaua. Nani aliniambia? Hakuna. Mimi niliyebishana na kila mwalimu sikujiuliza hata nani atachota.

Alichota mama. Bidoni ya maji ya kupikia kwanza, kisha anashuka tena kwa ajili ya maua.

"Mutoto yangu, hii maua yako inakunywa kuliko ng'ombe," alisema akicheka, mkono shingoni.

"Acha ife, mama."

"Wageni umeleta weye. Mimi niwanyime maji?"

Kesho yake nilibeba bidoni mwenyewe, mimi mwanaume, alfajiri, watu wasinione. Wanawake walikuwa wameshafika ziwani.

"Ee, evolwe, msomi wa Wazungu! Umeolewa wapi?"

"Mumuachie nafasi, bibi harusi achote!"

Nilicheka nao. Maji yalinimwagikia mgongoni mpaka nyumbani, na sikwenda tena. Nilijiambia nina vitabu vya kusoma. Mama alishuka mara mbili kama kawaida.

Nyuki walikuja. Boga moja likashika, dogo kama ngumi ya mtoto. Nilimwita mama kwa furaha, naye akainama polepole sana, akaligusa.

"Kumbe mapadri hawadanganye."

Furaha yangu ikaishia kwenye ule mgongo wake.

Asubuhi ya kuondoka, kamio ikiningoja barabarani, nilimwambia:

"Mama, ile sabuni, pengine haiui. Mwaga tu maji ya kufulia."

"Pengine?"

"Sijui kweli."

"Basi ukijua, utaniandikia," akasema, akachukua bidoni yake akashuka.