Viti Arobaini vya Ukumbi

Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji yake akabadilisha kufuli ya karakana. Miaka kumi na tisa mwanamke yule alipiga msasa kila meza iliyotoka mle, leo anasimama mlangoni kama mwomba maji.

"Shemeji, karakana ni ya wanaume," aliambiwa. "Wewe chukua yale mabaki ya mbao kule nyuma, ukapikie."

Aliyabeba yote, magunia kumi na moja. Hakuyapikia. Sehemu zilizooza alizikata, nzima akaziunga kwa gundi, zikatoka stuli na rafu. Mtaani wakamwita Mama Vipande. Akaitika.

Katika gunia moja alikuta vibao vyembamba vilivyotobolewa tundu la kutundikia. Mwingine angeona kuni tu. Yeye alivijua: marehemu alivitumia kuchorea miguu na migongo ya viti, kila umbo na kibao chake. Shemeji, kwa pupa ya kusafisha, alikuwa ametupa akili yote ya karakana! Mama Vipande alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma. Akavificha chini ya godoro, akangoja.

Mwaka wa pili, ukumbi wa mtaa ulitaka viti arobaini kama vile vya zamani alivyoutengenezea marehemu, ambavyo mchwa walikuwa wamevimaliza. Shemeji alijitapa kwamba anaviweza, kisha, alipokosa vibao vya kuchorea, akaja mbio kwa Mama Vipande.

"Shemeji yangu, vile vibao unavyo?"

"Vibao gani tena?"

"Usinifanyie hivyo. Sisi ni ndugu."

"Undugu ulikuwa wapi siku ile ya kufuli?"

Siku ya kuonyesha sampuli, shemeji alileta kiti kinachoyumba. Mama Vipande alileta chake, cha mbao za masanduku ya mizigo yaliyotupwa. Msimamizi wa ukumbi alikalia vyote viwili. Kwenye cha pili hakuinuka upesi.

"Hiki hapa," akasema.

Mama Vipande hanunui misumari. Huing'oa kwenye masanduku hayo hayo, akainyoosha. Kwa hiyo shemeji, wateja wamemkimbia, alipokuja kuomba kazi yoyote ile, alikabidhiwa nyundo, kipande cha reli cha kunyooshea na debe la misumari iliyopinda.

"Nikae wapi?" aliuliza, macho yake kwenye viti vilivyojipanga ukutani.

"Chuchumaa, shemeji. Hivyo vina wenyewe."