Annette na Mahojiano ya Orpha

Annette Katungu alikuwa na wivu, na hakuukana.

Mwaka 2000 alikuwa mwaka wa pili wa fizikia, msichana pekee darasani, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita katikati ya Kisangani. Bomu lilianguka uani kwao. Baba yake, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, akakatwa mguu, na Annette, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaacha masomo akasimama dukani. Baadaye alifungua sekretariati yake mtaani Mangobo: kupiga chapa, fotokopi, intaneti ya setilaiti.

Orpha alikuwa mteja wake, binti wa wavuvi wa Yanonge, miaka ishirini na saba, msaidizi wa fizikia chuo kikuu. Januari 2025 aliingia akicheka peke yake.

"Maman Annette, wameniita mahojiano ya doctorat! Maabara saba za Ulaya zimeungana, zinatafuta wanafunzi kumi na mbili. Dunia nzima!"

"Doctorat ya nini?"

"Orbitronique." Orpha alichukua karatasi ya fotokopi iliyoharibika, akachora. "Mashine zetu zinatumia chaji ya elektroni. Bon, hawa wanataka kutumia vile elektroni inazunguka atomu, mzunguko wenyewe ubebe habari. Umeme kidogo, joto kidogo."

Annette alielewa. Hilo ndilo lililomuuma. Miaka ishirini na tano hakuna mtu aliyemchorea elektroni, na leo anachorewa na mtoto aliyezaliwa mwaka ambao yeye alianza chuo.

"Félicitations," alimpongeza, akageukia mashine yake.

Siku ya mahojiano, Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wiki iliyotangulia, na kila kibanda kilikuwa na redio wazi. Orpha alikaa chumba cha nyuma mbele ya kompyuta. Dakika ya tisa umeme ukakatika.

"Maman Annette! Groupe! Washa groupe!"

Annette alikuwa amekaa. Chini ya meza mguu wake uligusa bidoni ya petroli, imejaa. Alijua mikono yake inapaswa kufanya nini: kujaza jenereta na kuiwasha. Haikufanya.

"Essence imeisha," alisema, petroli ikiwa mguuni pake.

Orpha alimtazama, kisha akatoka mbio kwa majirani, akarudi mikono mitupu. Umeme uliporudi, saa nzima ilikuwa imepita, na Wazungu walikuwa wameshamwita mwingine.

Jioni Annette hakugusa chakula. Hakuwa anajuta bado. Alihisi nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana, na nafuu ile ndiyo iliyomtisha.

Asubuhi Orpha alirudi. Walikuwa wamemwandikia: wanampa dakika ishirini nyingine, saa nne. Mkononi alishika chupa ya maji iliyojazwa petroli.

"Nimeleta yangu."

Annette aliinama, akavuta bidoni yake, akaiweka juu ya meza mbele yao.

"Nilisikia harufu yake jana," Orpha alisema. "Nimerudi kwa sababu huku Mangobo sina intaneti nyingine ya kuaminika. Washa, Maman."

"Ni wivu, Orpha."

"Najua. Washa."

Annette aliwasha jenereta hata kabla umeme haujakatika, akasimama nje ya mlango. Alisikia sauti ya mwanamume ikiuliza mzunguko ule unapimwaje ndani ya titani. Orpha alieleza: unaangaza mwanga juu ya metali, unapima jinsi ulivyogeuka ukirudi. Akakosea hesabu mahali, akajirekebisha. Annette alikuwa ameliona kosa kabla yake. Akafurahi, kisha akaona haya.

Orpha alipata nafasi. Septemba alisafiri kupitia Kinshasa, bila kuja kuaga. Annette alipewa habari na mteja mwingine, akaenda chumba cha nyuma akalia, wala si kwa kumkosa Orpha, bali kwa masomo aliyoyaacha yeye.

Novemba Annette alimwandikia Orpha: "Nisamehe. Hiyo titani yenu ina unene gani?"

Jibu lilikuja siku ya tatu. "Nanomita ishirini hivi. Kwa nini, Maman?"

"Nataka kujua tu."

Orpha akamtumia makala nzima, kurasa kumi na moja. Annette aliichapisha, akaisoma mchana kutwa na kalamu mkononi huku wateja wakimsubiri. Ukurasa wa nne ulimshinda. Wivu ulikuwa palepale. Akamwandikia Orpha kuuliza maana ya mlinganyo wa pili.