Mkono Ulioacha Kuuma

Nilivunjika mkono wa kushoto mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, enzi za Mwingereza, kwenye mteremko wa kisimani huko Muleba. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliteleza na mtungi kichwani, nikaangukia kiganja, na nilipouinua mkono niliona umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mume wangu alikuwa Bukoba, kwenye kinu cha kukoboa kahawa. Mama yake ndiye aliyemwita mzee wa kuunga mifupa. Mzee alipapasa kwa ncha za vidole, akauvuta mkono polepole hadi nikasikia mifupa ikisagana, kisha akauzungushia vijiti na kuvifunga kwa kamba za mgomba.

"Utavimba," alimwambia mama mkwe. "Tazameni kucha kila mara. Zikibadilika rangi, legezeni kamba, msingoje."

Kesho yake alivuka kwenda kisiwa cha Goziba kumtibu mvuvi aliyevunjika paja. Hakuna aliyejua angerudi lini.

Mchana huo mama mkwe aliona kamba moja imelegea. Aliogopa mfupa usije ukaunga kombo. "Vumilia, mugole," alisema, kwa maana bado nilikuwa bibi harusi kwake, akazikaza zote kwa mikono na meno. Hakuwa mkatili. Machozi yalimlengalenga.

Ilipofika jioni mkono ulikuwa unawaka moto. Asubuhi maumivu yakaisha ghafla, kama vile mkono haukuwa wangu. Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kupika ndizi na maharage. Nilibaki nikiutazama. Nzi alitua kwenye kidole changu cha kati, akatembea hadi kwenye ukucha, nami sikumsikia. Vidole vilikuwa na rangi ya majivu. Sikusema neno, niliogopa maumivu yasije yakarudi.

Mume wangu alifika muda mfupi baadaye, akiwa amepelekewa habari. Alinibonyeza ukucha. Ukawa mweupe, ukabaki mweupe.

"Mama, nipe kisu."

"Ukikata kamba, atakuwa kilema!"

"Nipe kisu."

Alizikata zote, akanibeba hadi barabarani, tukapata lori la kahawa lililokuwa likienda Bukoba. Mama mkwe alipanda nyuma yetu bila kuambiwa.

Hospitalini daktari alivichoma vidole sindano kimoja kimoja. Sikusikia kitu. Msaidizi wake alitutafsiria kwa Kihaya: kamba zilizuia damu, nyama imeanza kufa. Wangeupasua mkono ili uvimbe upate nafasi, ikishindikana, wangeukata.

"Anauliza nani aliyekaza."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa sakafuni, alifungua mdomo.

"Mimi," nikasema. "Nilikaza mwenyewe, kwa meno."

Mume wangu alinitazama, akamtazama mama yake, akatoka nje.

Mkono haukukatwa. Vidonda vilipopona wakaufunga plasta, na mfupa ukaunga vizuri, umenyooka. Vidole ndivyo vilivyojikunja na kubaki hivyo, na ndizi mbichi haimenyeki kwa mkono mmoja. Mama mkwe alinimenyea miaka yote aliyoishi, bila kuombwa. Mume wangu hakuniuliza kamwe juu ya jibu langu kwa daktari. Lakini tulizaa watoto wanne, na hakumruhusu mama yake kumbeba hata mmoja.