Swichi Kwenye Mashine ya Baba Mkwe

Antena zangu za kuuzia watu intaneti ziko juu ya paa la mashine ya kukoboa mpunga ya baba mkwe, hapa Ipinda. Kasoro ni moja: kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Mzee akiwa ndani ya mashine, mimi siingii. Na hushinda humo kutwa nzima.

Sasa antena ikiganda, mtandao hukatika, na dawa yake ni kuchomoa waya wake kwenye swichi, kile kisanduku cha humo ndani kinachozipa antena umeme, na kuuchomeka tena. Basi! Lakini mimi nilikuwa nasimama nje, nyuma ya magunia ya pumba, nasubiri mzee atoke, huku wateja wa kijiji cha Ngonga wakinipigia simu kwa hasira.

Wateja walipoongezeka ikabidi ninunue swichi kubwa zaidi. Mume wangu akaja na lake. "Chukua ya bei rahisi. Mdogo wangu atakuwa anachomoa, yeye anaingia kwa baba bila shida. Halafu mtandao ausimamie yeye."

Eti shemeji! Paa lile nimelipanda mimi, Jumapili, mzee akiwa kanisani. Nichumie juani, kivulini ale mwingine? Thubutu!

"Baba nitamheshimu mpaka kufa," nikamjibu. "Kazi yangu simpi mtu."

Nikanunua ile ghali, ambayo unakata na kurudisha umeme wa kila antena kwa simu, popote ulipo. Nikaifunga Jumapili, nikamwomba mama mkwe amweleze mzee inavyofanya kazi. Mume wangu alinuna. Anune tu.

Haikupita wiki, antena ya Ngonga ikaganda. Mume wangu na mdogo wake haoo, mbio mashineni. Mimi nilikuwa nyumbani napepeta mchele. Nikafuta mikono, nikashika simu, nikakata umeme wa ile antena, nikaurudisha. Ngonga ikaamka. Nikaendelea kupepeta.

Jioni mama mkwe akaja na habari. Mzee alikuwa ameona taa moja ya swichi inazimika na kuwaka yenyewe. Wanawe walipotokea wakihema, wakitaka kwenda kuchomoa waya, akawazuia mlangoni.

"Amewaambiaje?" nikauliza.

"Amewaambia warudi nyumbani. Kasema, mwenye kazi yake ameshaingia."